Schutztruppe: Walikuwa Wanamlinda Nani?

Picha ni ya aina ambayo kila aliyesoma historia ya Tanganyika amewahi kuiona. Askari wamepangwa mstari mbele ya ukuta wa boma, tarbushi zimefunikwa kitambaa cha kaki, bunduki ziko begani. Pembeni amesimama Mjerumani mwenye kofia ngumu ya jua, mkono mmoja kiunoni. Chini ya picha kuna neno moja tu la Kijerumani: Schutztruppe.

Nilikuwa nimepewa kazi ya kutia Kiswahili maelezo ya picha za namna hiyo kwa ajili ya maonyesho madogo. Neno lenyewe hutamkwa "shutstrupe". Schutz ni ulinzi, Truppe ni kikosi cha askari. Nilikuwa nimekaa barazani na baba mdogo, na kwa kuwa yeye ni mwanajeshi mstaafu, nikamsomea kwa sauti kama linavyotoka: Jeshi la Ulinzi.

Baba mdogo akavua miwani.

"Mwanangu, Jeshi la Ulinzi ni sisi."

"Ndivyo neno linavyosema, baba. Wenyewe ndivyo walivyojiita."

"Sawa. Lakini jina letu lina mwisho wake: la Wananchi. Tangu depo tulifundishwa hivyo. Hao wa kwako walikuwa wanamlinda nani?"

Sikuwa na jibu. Yeye akarudi kwenye redio yake, na mimi tangu siku ile nimekuwa nikilala na kuamka na swali hilo. Kazi ya mstari mmoja ikageuka kuwa wiki za kusoma sheria za zamani za Kijerumani, na kila nilipodhani nimelipata jibu, jambo jingine liliibuka na kulitikisa.

Barua ilitangulia bunduki

Nilitegemea kukuta mwanzo wa neno hili kambini. Niliukuta ofisini, kwenye makaratasi.

Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake Kaizari Wilhelm wa Kwanza akatia saini barua kwa faida ya kampuni ya Carl Peters, yule aliyekuwa ametoka kupita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami kwa wiki chache mwishoni mwa 1884, akikusanya alama za machifu kwenye mikataba wasiyoweza kuisoma. Barua ile iliziweka nchi hizo chini ya ulinzi wa Kaizari, na hapohapo ikaipa kampuni mamlaka juu ya watu waliokuwa wakiishi humo. Iliitwa Schutzbrief. Barua ya ulinzi.

Bismarck, kansela wa Ujerumani, alikuwa na sababu ya kulipenda neno hilo. Koloni ni gharama: gavana, jeshi, bajeti inayopaswa kupita bungeni mbele ya wapinzani. Yeye alitaka wafanyabiashara watangulie kwa fedha zao wenyewe, dola iwe nyuma yao. Kwa hiyo nchi zilizotwaliwa zikaitwa Schutzgebiete, maeneo ya ulinzi, na jina hilo likabaki katika sheria hadi mwisho wa utawala wao, hata baada ya magavana, reli, mashamba ya mkonge na kodi kufika.

Ukifuata mpangilio wake unaona jinsi lilivyosafiri. Barua ya ulinzi ikazaa eneo la ulinzi. Eneo la ulinzi likaja kuhitaji kikosi cha ulinzi. Neno lilipovishwa tarbushi na kupewa bunduki, makarani walikuwa wamekwisha kulizoea.

Ulinzi unaolipiwa

Barua ya ulinzi haikubuniwa kwa ajili ya Afrika. Hili sikulijua, na ndilo lililonifanya nisimame kwa mara ya kwanza.

Kwa karne nyingi katika nchi za Kijerumani, Myahudi hakuwa na haki ya kukaa mahali kwa sababu tu alizaliwa hapo. Alihitaji barua kutoka kwa mtawala. Aliyekuwa nayo aliitwa Schutzjude, Myahudi wa ulinzi, na aliilipia ada iliyoitwa Schutzgeld. Masharti aliyaweka mtawala: ukae wapi, ufanye kazi gani, watoto wako wangapi warithi ruhusa hiyo. Barua ikifutwa, unafungasha. Leo hii Mjerumani akisema Schutzgeld, mara nyingi anamaanisha fedha ambazo genge humtoza mwenye duka ili lisije likamvunjia duka lake.

Ukichimba zaidi, kitenzi chenyewe, schützen, katika Kijerumani cha zama za kati kilikuwa neno la watu wa maji: kujenga kingo, kuzuia mto usipite. Kingo humkinga aliye upande mmoja. Aliye upande wa pili huzuiwa.

Nilipofika hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nikilisoma neno kwa sikio la Kiswahili. Kwetu kulinda kuna harufu ya mapenzi. Mama humlinda mtoto, mlinzi wa usiku hukesha ili wewe ulale. Katika sheria za Kijerumani, Schutz ulikuwa uhusiano kati ya mwenye nguvu na mwenye karatasi, na mwenye karatasi ndiye aliyelipa. Kodi ya kibanda ilipoanza kutozwa mwaka 1898, rupia tatu kwa nyumba ya kijijini, askari wa Schutztruppe ndio waliotembea vijijini kuhakikisha inalipwa. Kwa mantiki ile ya zamani, hapakuwa na mgongano wowote. Anayelindwa hulipa.

Marki milioni mbili

Bado lakini swali la baba mdogo halikuwa limejibiwa. Nilitaka kuona mahali ambapo Wajerumani wenyewe wameandika nani analindwa.

Nikapaona.

Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha kampuni ile ukanda wa pwani. Agosti kampuni ilipokwenda kuchukua madaraka Pangani, wakala wake, Emil von Zelewski, alifanya mambo ambayo wenyeji waliyasimulia kwa miaka mingi baadaye: bendera, matusi kwa liwali, watu wake kuingia msikitini wakati wa Idi wakiwa na viatu na mbwa. Pwani ikawaka. Abushiri bin Salim al-Harthi akaongoza Pangani, Bwana Heri akasimama Saadani, na kampuni ikabaki imeshikilia Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Wenye barua ya ulinzi sasa walikuwa wanahitaji kulindwa.

Kwa sheria ya tarehe 2 Februari 1889 bunge la Ujerumani likatenga marki milioni mbili. Kichwa cha sheria hiyo kilikuwa kirefu: kuhusu kupambana na biashara ya watumwa na ulinzi wa maslahi ya Kijerumani katika Afrika Mashariki.

Ulinzi wa maslahi ya Kijerumani. Limo kwenye kichwa cha sheria, wino mweusi.

Kwa fedha hizo Hermann von Wissmann alikwenda Cairo, akaajiri Wasudani wapatao 600 waliokuwa wamebaki bila kazi baada ya jeshi la Misri kushindwa na Mahdi wa Sudan, akaongeza wapiganaji kutoka Msumbiji na wengine wa pwani. Mei 1889 walivunja boma la Abushiri karibu na Bagamoyo. Desemba mwaka huohuo Abushiri alinyongwa Pangani. Kikosi kiliitwa kwa jina la mkuu wake tu, Wissmanntruppe. Kisha, kwa sheria ya tarehe 22 Machi 1891, kikawa jeshi la dola na kupewa jina jipya: Kaiserliche Schutztruppe, Kikosi cha Ulinzi cha Kaizari.

Linganisha majina hayo mawili. Sheria ya 1889 inataja kinacholindwa. Jina la 1891 limebakiza ulinzi peke yake, na kilicholindwa kimedondoka njiani. Kwa mbunge wa Berlin aliyeidhinisha fedha, jina halikuwa na fumbo lolote. Alijua maneno gani yamekatwa. Kwa mtu wa Pangani aliyeambiwa kwamba hawa ni kikosi cha ulinzi, nafasi ile iliachwa wazi ili aijaze mwenyewe.

Nilidhani nimemaliza hapo. Ila kichwa cha sheria kilikuwa na nusu ya kwanza pia: biashara ya watumwa. Na biashara hiyo ilikuwepo kweli, ikiwaumiza watu kweli. Je, hakuna mateka hata mmoja aliyefunguliwa mnyororo na kikosi hiki? Wapo, na kwao neno ulinzi huenda lilikuwa na maana usiku ule. Siwezi kuwafuta kwa sababu wananiharibia hoja.

Lakini tazama yaliyofuata. Wajerumani hawakuwahi kufuta utumwa katika Afrika Mashariki yao. Amri ya 1904 iliwaacha huru watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya mwisho wa 1905, basi. Utumwa wenyewe ulifutwa na Waingereza mwaka 1922. Kamerun ni ajabu zaidi. Kikosi cha kwanza cha huko, mwaka 1891, kilianzishwa kwa watu walionunuliwa kutoka kwa Mfalme Behanzin wa Dahomey (Benin ya leo), wakatumikishwa bila mshahara ati mpaka bei yao irudi. Desemba 1893, baada ya wake zao kuchapwa viboko hadharani, waliasi. Ni baada ya uasi huo ndipo Kamerun nayo ikapata Schutztruppe yake.

Kapteni wa Hornkranz

Kuna mtu aliyeuliza swali la baba mdogo miaka zaidi ya mia moja na thelathini iliyopita, na alimuuliza Mjerumani ana kwa ana.

Kusini-Magharibi mwa Afrika, nchi tunayoiita Namibia leo, Wajerumani walikuja na Schutzverträge, mikataba ya ulinzi. Maharero, mkuu wa Waherero, alitia saini mwaka 1885. Miaka mitatu baadaye aliukana mkataba huo kwa sababu iliyo wazi kabisa: alishambuliwa, na walinzi wake hawakuonekana. Aliyekuwa akimshambulia ni Hendrik Witbooi, kapteni wa Wanama, mtu aliyejua kusoma na kuandika na aliyeweka kumbukumbu ya barua zake zote. Mwaka 1890, Maharero alipowarudia Wajerumani, Witbooi alimwandikia adui yake huyo kumwonya kwamba amejitwika mzigo ambao atakuja kuujutia kuliko vita vyao wenyewe.

Juni 1892 afisa wa Kijerumani Curt von François alikwenda Hornkranz, makao ya Witbooi, kumshawishi naye akubali ulinzi. Witbooi akataka kwanza aelezwe ulinzi ni nini. Tunalindwa dhidi ya nini? Hatari gani hiyo, itokayo kwa nani, ambayo mkuu mmoja anahitaji mkuu mwingine amkinge nayo?

Nimesoma majibizano hayo mara nyingi. François hakuwa na jibu lenye uzito. Alizungumzia hatari ya Wazungu wengine, na Witbooi akamwonesha kwamba kila mkuu ni mkuu katika nchi yake.

Alfajiri ya tarehe 12 Aprili 1893 François alirudi Hornkranz na askari wake na kukishambulia kijiji bila onyo. Watu wapatao 80 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto.

Kikosi kilichoanza na kundi lile dogo ndicho kilichokuja kuwa Schutztruppe ya huko. Mwaka 1904 kiliongozwa na Lothar von Trotha, ambaye kabla ya hapo alikuwa amelitumikia jeshi hilohilo huku kwetu katika miaka ya 1890. Waherero na Wanama walichotendewa chini ya amri zake, Ujerumani yenyewe leo inakiita mauaji ya kimbari.

Waliovaa tarbushi

Sasa sehemu iliyonitesa.

Ni rahisi kusema Schutztruppe walikuwa Wajerumani. Kule Kusini-Magharibi, kwa sehemu kubwa, ndivyo ilivyokuwa. Huku kwetu haikuwa hivyo. Mwaka 1914 jeshi hili katika Afrika Mashariki lilikuwa na kombania 14: Wajerumani wapatao 260, na askari Waafrika wapatao 2,500. Kizazi cha kwanza kilikuwa cha Wasudani, kisha wakaingia Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, watu wa pwani. Wanaotutazama kwenye ile picha ni babu zetu.

Mshahara wa askari ulikuwa mara kadhaa ya ule wa kibarua wa shambani. Aliishi na wake, watoto na maboi wake katika kijiji kilichojengwa ubavuni mwa boma. Safarini msafara wote uliandamana naye, na mji ukishavamiwa, ng'ombe na mateka waligawanywa. Vyeo vyao vilitoka jeshi la Misri ambalo nalo liliviazima kwa Waturuki: ombasha, shaushi, bashaushi, soli, efendi. Hicho cha mwisho tunacho mpaka leo. Kila kuruta anayesimama wima mbele ya mkubwa wake na kusema "afande" analitumia neno la Kituruki lililoletwa na askari wa namna hiyo.

Kwa hiyo nikajiuliza: hawa walilindwa? Naona ndiyo. Mtu aliyetoka katika miaka ya njaa, tauni ya ng'ombe na uvamizi, akaingia kwenye kijiji cha askari, alipata chakula, nguo na heshima, na hakuna jumbe aliyethubutu kumgusa. Mwanamke aliyeolewa na shaushi aliingia nyuma ya ukuta huo pamoja naye. Ulinzi ulikuwepo. Uliishia palipoishia kivuli cha boma, na nje ya hapo palikuwa na hamsa ishirini: viboko ishirini na vitano vya kiboko chenyewe, adhabu ambayo idadi yake iligeuka kuwa jina lake, na aliyeshika kiboko mara nyingi alikuwa mtu mweusi mwenye tarbushi.

Siwezi kuwaita wasaliti. Usaliti unahitaji kwanza uwe na nchi unayoisaliti, na Tanganyika haikuwepo. Kwa Mnyamwezi wa 1895, Mhehe alikuwa mgeni kama wageni wengine. Siwezi pia kuwaita mashujaa kama walivyofanya Wajerumani wa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hao walijenga hadithi nzima ya askari mwaminifu aliyemfuata Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wao katika vita hivyo, kwa mapenzi kuanzia Tanga mpaka aliposalimisha silaha Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Kuna kisa kinachopendwa sana kusimuliwa, kwamba Ujerumani Magharibi ilipoamua katika miaka ya 1960 kuwalipa wazee hao malimbikizo yao, asiye na cheti alipewa fimbo ya ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride nayo, na hakuna aliyesahau. Wanakisimulia kama ushahidi wa mapenzi. Mimi ninachokiona ni wazee waliosubiri mshahara wao kwa zaidi ya miaka arobaini.

Na hadithi hiyo ya uaminifu huwaacha nje wapagazi. Huiacha nje Ugogo, ambako majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume, hadi njaa ya Mtunya ikawamaliza watu. Ludwig Deppe, daktari aliyetembea na jeshi la Lettow-Vorbeck, aliandika baada ya vita kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa. Huyo alikuwa mtu wao.

Tarehe 27 Februari

Lugalo nitaipita haraka, kila mtu anaijua. Naongeza jambo moja tu ambalo vitabu vya shule havilitaji sana: kamanda wa Schutztruppe aliyeuawa na Wahehe wa Mkwawa pale tarehe 17 Agosti 1891, miezi michache tu baada ya jeshi kupewa jina lake, ni yuleyule Zelewski wa Pangani. Wenyeji walimwita Nyundo.

Tarehe iliyonishtua ni nyingine. Barua ya ulinzi ilitiwa saini 27 Februari 1885. Katika vita vya Maji Maji, Schutztruppe ilichoma mashamba na maghala ya kusini kwa makusudi ili njaa imalize kilichoanzwa na risasi. Makadirio ya wanahistoria ya waliokufa yanafika watu 250,000 hadi 300,000. Na siku ambayo wapiganaji na viongozi wa Wangoni zaidi ya 60 walinyongwa Songea ilikuwa 27 Februari 1906.

Miaka ishirini na moja kamili. Ni sadfa, najua. Hakuna aliyeipanga. Lakini kila mwaka Songea inapokumbuka siku ile, inaikumbuka pia, bila kujua, siku ya kuzaliwa kwa neno ninaloliandikia makala hii. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama kwenye makumbusho ya Maji Maji, mbele ya wajukuu na vitukuu wa kiongozi wa Wangoni, Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wahenga wao.

Mrima waliita nini

Wakati Berlin wanaandika Schutz, pwani walikuwa wanaandika nini?

Tunao ushahidi mzuri sana. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vile vya Abushiri, na utenzi huo unajulikana kwa jina la Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Kutamalaki: kutwaa, kumiliki, kukifanya kitu kuwa milki yako. Katika jina hilo moja mtendaji yupo na mtendwa yupo: Wadachi, yaani Wajerumani, na Mrima, yaani pwani. Hakuna nafasi iliyoachwa wazi.

Hapo ndipo nilipopata jibu la kumpelekea baba mdogo, kwa kiasi ambacho jibu linapatikana.

Lakini Kiswahili nacho kinanidai uaminifu. Nilipotafuta neno la Schutzgebiet, kamusi ziliniletea "himaya". Himaya kwa asili yake ya Kiarabu ni ulinzi, hifadhi; nchi iliyo chini ya himaya ni nchi iliyo chini ya ulinzi wa mwingine. Leo tunasema himaya ya Kirumi, himaya ya Uingereza, tukimaanisha dola kubwa inayotawala mataifa. Neno letu la ulinzi limetembea lenyewe mpaka likawa neno la utawala, bila Bismarck kulisukuma. Huenda ni kwa sababu watu wengi mno waliambiwa wanalindwa, wakaona kinachotokea, na lugha ikarekodi walichokiona.

Lilikoendelea

Schutztruppe ilivunjwa baada ya kushindwa kwa Ujerumani, ila nusu yake ya kwanza haikuvunjwa. Mwaka 1925 wafuasi wa Hitler walianzisha kikosi cha kumlinda kiongozi wao wakakiita Schutzstaffel. Dunia inakijua kwa herufi mbili, SS. Kuanzia 1933 watu walipelekwa kwenye kambi za mateso bila hukumu ya mahakama, na hati iliyowapeleka iliita jambo hilo Schutzhaft, kifungo cha ulinzi. Sisemi kwamba kuna mstari mmoja ulionyooka kutoka Bagamoyo hadi kambi ya Dachau. Wanahistoria wanabishana juu ya hilo, nami si hakimu wao. Nasema tu kwamba neno lile lilikuwa tayari limefundishwa kufanya kazi bila kutaja linamlinda nani.

Na bado linafanya kazi. Magazeti ya Ujerumani yakiandika juu ya majeshi ya NATO kule Kosovo huyaita Schutztruppe. Kijana wa Berlin anayelisoma leo hamwoni Abushiri wala Witbooi. Anaona askari mwenye kofia ya chuma anayelinda raia, na kwa mazingira yale huenda yuko sahihi. Sijui kama napaswa kuchukia hilo. Siku nyingine nachukia.

Kibandiko

Aliyenipa kazi alitaka maneno manne, yasizidi matano. Nilimpelekea haya: "Askari wa Schutztruppe, jeshi la Ujerumani lililoundwa mwaka 1891 kulinda maslahi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki." Alilalamika kwamba ni marefu na kwamba sehemu ya mwisho ni maoni yangu. Nikamtumia kichwa cha sheria ya 1889, kwa Kijerumani chake mwenyewe. Tulivutana siku mbili. Mstari umebaki kama nilivyouandika, kwa herufi ndogo kidogo.

Kwenye ramani iliyopo katika maonyesho hayohayo nimeliacha neno Schutzgebiet kama lilivyo, na chini yake nimeweka koloni.

Kinachonikosesha raha sasa ni upande mmoja wa habari hii. Ninayo maneno ya Berlin, na ninayo ya Mrima kwa sababu Mrima walikuwa na washairi wenye kalamu. Sina ya Kihehe. Sina ya Kimatumbi, Kingoni wala Kigogo. Watu hao waliliona jeshi hili kwa karibu kuliko Hemedi, na lazima waliliita kitu. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayekumbuka jina ambalo bibi yake alilitumia kwa askari wa Mjerumani, tafadhali muulize, muulize pia lilimaanisha nini, na uniandikie kama alivyolitamka.